Kutabiri ulemavu wa viungo kwa picha ya ubongo wa kichanga: maana yake nini?

Mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa viungo unaotokana na jeraha la ubongo wa mtoto, hauonekani siku anapozaliwa. Kwa miezi kadhaa anaweza kunyonya, kulia na kurusha miguu kama wenzake, hadi siku mama anapogundua kwamba ngumi moja haifunguki, au kwamba wa rika lake wameshakaa na yeye bado. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi jina la tatizo lilitajwa mtoto akiwa na mwaka mmoja au miwili. Kupiga picha ubongo mapema ni kulitafuta jeraha lenyewe kabla viungo havijalisema.

Ultrasaundi hupitishwa utosini, pale palaini ambapo mfupa haujafunga. Huona damu iliyovuja na vifuko vya maji, lakini madoa madogo huipita. MRI, mashine inayopiga picha kwa nguvu ya sumaku, huona zaidi, tena haina mionzi ya eksirei. Taabu yake ni kwamba kichanga lazima atulie, hivyo hunyonyeshwa akashiba, akaviringishwa vizuri, akazibwa masikio dhidi ya kelele za mashine, na mara nyingi hulala bila dawa. Mtoto njiti husubiriwa mpaka ufike wakati ambao angezaliwa, yaani mimba ingetimiza wiki 40 hivi.

Anayeisoma picha hajali sana ukubwa wa doa, hutazama lilipokaa. Amri ya kusogeza mguu hutoka juu ya ubongo na kushuka kwa nyuzi za neva ambazo, zikifika katikati, hubanana kwenye njia nyembamba. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, sehemu ya nyuma ya njia hiyo huwa imeanza kuvikwa mayelini, ala ya mafuta inayoharakisha ujumbe, na kwenye picha hung'aa. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa akikosa mng'ao huo, madaktari huingiwa na wasiwasi mkubwa. Doa dogo hapo laweza kudhuru mwendo kuliko doa kubwa lililoko kwingine. Na kwa kuwa nyuzi hizo huvuka upande chini zaidi, jeraha la kushoto hudhoofisha mkono wa kulia.

Neno "kutabiri" lenyewe naona limezidisha chumvi. Mapitio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba MRI huwanasa asilimia 86 hadi 89 ya watoto ambao baadaye huthibitika kuwa na mtindio wa ubongo. Waliobaki hupita na picha isiyowashtaki. Upande wa pili wapo wenye picha ya kutisha ambao baadaye hutembea.

Kwa hiyo picha haiachwi peke yake. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano mtoto hulazwa chali, akiwa macho na ametulia, akarekodiwa video ya dakika chache. Kinachotafutwa ni vijitikisiko vidogo vya shingo, kiwiliwili na viungo, vinavyokwenda kila upande bila kukoma; visipoonekana, ndiyo dalili ya hatari. Katika mapitio yaleyale, kipimo hiki kisicho na mashine kubwa kiliwanasa asilimia 98 ya watoto hao.

Vyote viwili vikielekea pamoja, cheti huandikwa "yuko katika hatari kubwa ya mtindio wa ubongo", na mazoezi huanza hapohapo: ile ngumi isiyofunguka hupewa vitu vya kushika, ubongo ukiwa bado mwepesi kujipanga upya.