Kadi za mkopo zikiwa nyingi mno: anza na tarehe kabla ya kufikiria kufunga

Sehemu kubwa ya watu ninaowahudumia hapa Marekani, nikiwa mshauri wa mikopo katika shirika lisilo la faida, hawaji kwangu kwa sababu wamenyimwa kadi za mkopo. Wanakuja kwa sababu wamepewa nyingi kuliko wanavyoweza kuzisimamia. Mtu alipitia kipindi kigumu, pengine alipoteza kazi, pengine aliugua, au ndoa ilivunjika na madeni yakamwangukia yeye, alama zake za mikopo, ile namba ambayo wakopeshaji huitumia kumpima mtu, zikaporomoka hadi 500 na kitu, kisha akaamua kuanza upya. Aliomba kadi moja ya dhamana, ile ambayo unaweka kwanza amana yako mwenyewe, mara nyingi ya dola 200 au zaidi, akapewa. Baada ya hapo sanduku la barua likaanza kujaa bahasha za kumwambia kwamba ameteuliwa, karani wa duka la nguo akamwahidi punguzo iwapo angejaza fomu palepale, na ndugu katika kundi la WhatsApp wakamhakikishia kwamba kadi zikiwa nyingi alama hupanda upesi. Miezi michache baadaye ana kadi sita au saba, alama zimeshuka badala ya kupanda, na anaponiketia mbele swali lake la kwanza ni moja: nifunge zipi?

Jibu langu ni kwamba siku hiyo asifunge hata moja. Suala la kufunga lina wakati wake, nami nitalieleza, lakini kinachotangulia ni tarehe za malipo, na sababu yake inaonekana mara tu mtu anapoelewa jinsi alama zinavyohesabiwa. Mfumo wa FICO, ambao wakopeshaji wengi wa Marekani hutumia na ambao alama zake huanzia 300 na kuishia 850, huipa historia ya malipo takriban asilimia 35 ya uzito wote, kiasi cha deni asilimia 30, umri wa akaunti asilimia 15, mikopo mipya asilimia 10, na aina za mikopo asilimia 10 zilizobaki. Kufungua kadi nyingi kwa mkupuo kunaumiza zaidi yale mafungu madogo. Kila ombi huacha ulizo, yaani kumbukumbu kwamba mkopeshaji amekuchunguza, kwenye ripoti yako ya mikopo kwa miaka 2, lakini FICO hulihesabu kwa miezi 12 tu, na kwa watu wengi ulizo moja hupunguza chini ya alama 5. Umri wa wastani nao hushuka sana: mwenye kadi moja ya miaka 6 akiongeza tano mpya, wastani wake unabaki mwaka mmoja. Hata hivyo madhara hayo yote mawili hupona yenyewe kadiri muda unavyopita, bila mwenye kadi kufanya lolote zaidi ya kuacha kuomba nyingine.

Malipo yaliyochelewa hayaponi hivyo. Bili ikipitisha siku 30 tangu tarehe yake bila kulipwa, mtoaji wa kadi anaweza kuiripoti kwa Equifax, Experian na TransUnion, taasisi tatu zinazotunza ripoti za mikopo, na doa hilo linaruhusiwa kisheria kubaki kwenye ripoti kwa miaka 7. Bili yenyewe inaweza kuwa ya dola 25, na mwenyewe anaweza kuwa na pesa benki siku hiyohiyo, mfumo hauulizi. Ndiyo maana ninasema hatari ya kadi nyingi haimo katika wingi wake, bali katika ile moja itakayosahaulika. Nimeona mara nyingi mtu aliyejitahidi kwa mwaka mzima akirudishwa nyuma na kadi ya duka aliyoitumia mara moja kununua viatu vya mtoto, ambayo bili zake zilikuwa zikipelekwa kwenye anwani ya barua pepe asiyoifungua tena.

Kwa hiyo kazi ya kwanza tunayoifanya ni ya karatasi na kalamu. Mama mmoja anayehudumia wazee zamu za usiku alizipanga kadi zake sita juu ya meza yangu, tukaandika kando ya kila moja mambo manne: kikomo chake cha kukopa, deni lake, siku ambayo hesabu ya mwezi inafungwa, na siku ya mwisho ya kulipa. Tarehe za kulipa zilikuwa zimetawanyika mwezi mzima, tarehe 3, 7, 12, 15, 22 na 28, ilhali mshahara wake unaingia kila baada ya wiki mbili. “Kaka, hizi nyingine hata sizitumii,” aliniambia, akizisogeza mbili pembeni. Tulipoingia kwenye akaunti ya mojawapo ya hizo mbili, tukakuta inadaiwa ada ya mwaka ambayo hakujua kwamba imeshatozwa, na zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla haijahesabiwa kuwa imechelewa siku 30. Tuliilipa palepale kabla ya kuendelea na jambo lolote.

Watoaji wengi wa kadi humruhusu mteja kubadilisha tarehe yake ya kulipa, kwa simu au kwenye programu yao. Hatua hiyo ni ya bure, na ninaithamini kuliko ushauri mwingine wote katika andiko hili. Zikusanye tarehe zote katika makundi mawili, kila kundi likiangukia siku tatu au nne baada ya mshahara kuingia. Kisha weka kila kadi, hata ile iliyolala kabatini, kwenye malipo ya moja kwa moja ya kiwango cha chini kutoka akaunti yako ya benki, halafu deni linalozidi hapo ulilipe kwa mkono wako mwenyewe. Wengine hupenda kuweka malipo ya deni lote yajilipe yenyewe. Kwa mtu ambaye zamu zake hubadilika na mshahara wake haulingani, mimi sipendekezi hivyo, kwa sababu akaunti ya benki ikikosa salio malipo yanarudishwa na faini zinaweza kutoka pande mbili, benki na kwenye kadi. Kiwango cha chini kinailinda ripoti. Malipo ya mkono ndiyo yanayopunguza deni. Sheria ya mwaka 2009 iitwayo CARD Act inakusaidia hapa, maana inamtaka mtoaji atume bili angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa, na tarehe hiyo iwe ileile kila mwezi.

Baada ya tarehe, tunageukia kiasi cha deni kinachoonekana kwenye ripoti, na hapa ndipo kadi za kujengea upya alama zinapowaonea watu. Watoaji wengi huripoti salio lililopo siku hesabu ya mwezi inapofungwa, si lile linalobaki baada ya wewe kulipa wiki tatu baadaye. Chukua kadi yenye kikomo cha dola 300 na ada ya mwaka ya dola 75, aina ambayo hutumwa sana kwa watu wenye alama za chini. Sheria hiyohiyo ya 2009 inakataza ada za mwaka wa kwanza zisizidi asilimia 25 ya kikomo, na dola 75 ndiyo hasa asilimia 25 ya dola 300; kampuni imekwenda mpaka ukingoni mwa kile inachoruhusiwa. Kabla hujanunua hata soda, ripoti inaonyesha umekwisha kutumia robo ya kadi. Ukitia mafuta ya gari ya dola 60, unafika asilimia 45, na FICO, ambayo huangalia kila kadi peke yake na pia jumla ya kadi zote, inakuona kama mtu anayeelemewa. Dawa yake ni kulipa siku mbili au tatu kabla ya hesabu kufungwa, ili kinachoripotiwa kiwe kidogo. Jambo hili halina kumbukumbu ndefu katika alama nyingi zinazotumika. Salio likishuka mwezi huu, alama huweza kupanda mwezi ujao.

Kuna matumizi moja ambayo naomba Waswahili wenzangu tuliangalie kwa makini zaidi, nayo ni kutuma pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo. Msiba ukitokea usiku, au karo ikidaiwa kesho, mkono unakimbilia kadi mpya iliyo tupu. Watoaji wengi huuhesabu muamala wa kutuma pesa kama kutoa fedha taslimu kwa mkopo: unatozwa ada, mara nyingi asilimia 5 au dola 10, chochote kilicho kikubwa, na riba huanza kukimbia siku hiyohiyo bila ile nafasi ya kulipa bila riba unayoipata kwenye manunuzi ya kawaida. Kwenye kadi zenye riba ya karibu asilimia 30, deni la dola 1,000 hula takriban dola 25 za riba kwa mwezi. Simwambii mtu asichangie maziko ya mjomba wake. Namwambia atume kwa kadi ya benki inayokata pesa zake mwenyewe au moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yake, na kama hana, aeleze familia kiasi anachokiweza.

Sasa tuje kwenye kufunga. Kwa wenzetu waliokulia Kenya naona jambo moja linalowasukuma kufunga haraka: katika mazungumzo ya kila siku nyumbani, kuwa na jina CRB, yaani kwenye taasisi za kumbukumbu za mikopo za huko, maana yake ni kuwa na doa, na mtu hutamani jina lake lisionekane kabisa. Marekani ukurasa mtupu nao ni kizuizi, kwani FICO inahitaji walau akaunti moja yenye umri wa miezi 6 ili iweze kukupa alama. Pia nasikia sana hofu ya upande wa pili, kwamba kufunga kadi kunafuta umri wake papo hapo. Katika FICO si hivyo. Akaunti iliyofungwa ikiwa safi huweza kubaki kwenye ripoti hadi miaka 10, na umri wake unaendelea kuhesabiwa wakati wote huo.

Kinachoumiza unapofunga ni kikomo kinachoondoka. Yule mama alikuwa na vikomo vya jumla ya dola 2,000 na deni la dola 330, yaani asilimia 16.5. Angefunga siku ile kadi tatu alizozichukia, zenye dola 300 kila moja, vikomo vingebaki dola 1,100 na deni lilelile lingekuwa asilimia 30. Kwa hiyo tulipunguza deni kwanza, tukasubiri, kisha tukafunga. Kigezo changu cha kuchagua si umri wala rangi ya kadi, bali ni gharama. Kadi isiyo na ada ibaki, hata kama huipendi, na itumike kila baada ya miezi michache kwa kitu kidogo, maana mtoaji anaweza kuifunga mwenyewe akiona imelala. Kadi ya dhamana ambayo mtoaji wake huibadilisha kuwa ya kawaida na kurudisha amana, hiyo ni ya kulindwa. Zile zenye ada ya mwaka, na hasa zile ambazo huanza kutoza ada ya kila mwezi baada ya mwaka wa kwanza kumalizika, ziondoke, na wakati mzuri ni wiki chache kabla ya ada mpya kutozwa. Huwezi kujenga upya maisha ya kifedha huku ukilipia dola mia na zaidi kwa mwaka ili uruhusiwe kukopa dola 300.

Kadi mpya zisiombwe tena, angalau kwa mwaka mmoja. Ukiwa na mpango wa kununua gari au nyumba, sababu inazidi, kwa kuwa mkopeshaji wa nyumba atakuuliza kuhusu kila ulizo la karibuni. Maulizo ya mikopo ya gari na ya nyumba yakifanyika ndani ya siku chache hujumlishwa kuwa moja, lakini ya kadi hayajumlishwi kamwe. Ukitaka kikomo kikubwa zaidi kwenye kadi uliyonayo, uliza kwanza kama ombi hilo litaacha ulizo kwenye ripoti. Baadhi ya watoaji hawaliachi.

Unapofunga, hamisha kwanza malipo yote yanayojikata kwenye kadi hiyo, lipa deni hadi sufuri, kisha usubiri taarifa ya mwezi unaofuata, kwa sababu kadi iliyokuwa na riba mara nyingi huleta dola chache za riba ya zile siku za mwisho. Ndipo upige simu na kuomba uthibitisho wa maandishi. Baada ya miezi miwili fungua AnnualCreditReport.com, ambako ripoti za taasisi zote tatu hupatikana bure kila wiki, uhakikishe kwamba akaunti imeandikwa kuwa imefungwa na wewe mwenyewe na kwamba salio lake ni sufuri. Ukikuta vinginevyo, wasilisha pingamizi kwa taasisi husika ukiambatanisha ule uthibitisho. Kwa kawaida sheria inaipa siku 30 kuchunguza, au 45 ukipinga baada ya kupata ripoti yako ya bure ya mwaka.