Maswali ninayoulizwa kuhusu mtoto mnene

Ninapima watoto katika kituo cha afya hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kwa miaka mingi tumewafundisha wazazi kuogopa bwaki, yaani utapiamlo unaovimbisha mwili kwa maji, na ilikuwa haki. Siku hizi naona pia watoto waliozidi uzito, ila hakuna mzazi anayemleta mtoto kwa sababu ya unene. Analetwa kwa kikohozi, malaria au chanjo, na ninapotaja uzito, mama anacheka. Haya ndiyo maswali yanayofuata kicheko hicho.

Mtoto akinenepa, si ndiyo afya yenyewe?

Hapana. Bibi mmoja aliniletea mjukuu wa miaka miwili, mashavu yamejaa. Akasema kwa furaha: "Angalia alivyonona." Nilimbonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, nikahesabu mpaka tatu, nikaachia. Shimo likabaki. Mguu wa pili, vilevile. Hayo yalikuwa maji ya bwaki. Mtoto alikuwa na utapiamlo, na majirani walikuwa wakimsifu. Aliingia hospitali siku ileile.

Kwa hiyo mashavu hayanipi habari yoyote. Yanaweza kuwa maji, yanaweza kuwa mafuta yaliyozidi, yanaweza kuwa ya mtoto mzima kabisa. Ukibonyeza miguu yote miwili na shimo likabaki, usingoje hata chungu kiive. Njoo.

Unene uliozidi unajulikanaje?

Kwa mizani na kipimo cha urefu. Chini ya miaka mitano tunalinganisha uzito na urefu wake. Kuanzia miaka mitano tunaongeza na umri. Mistari ya kulinganishia iko tayari kwenye chati, ni kazi ya dakika tano. Jicho la shangazi si mizani.

Lakini ni mafuta ya utoto. Si yataisha akikua?

Hapana, mama. Hili ndilo jibu ninalolirudia kuliko yote. Simsemi mtoto mchanga anayenyonya tu: huyo mwache anyonye, maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, kisha pamoja na chakula hadi miaka miwili na zaidi. Nasema juu ya mtoto wa miaka mitano, nane, kumi. Wengi wanaofika umri huo na uzito uliozidi sana wanaubeba mpaka utu uzima, pamoja na hatari ya kisukari na shinikizo la damu. Kungoja si dawa. Kila mwaka unaongoja, mazoea yanakomaa na kazi inakuwa ngumu zaidi, kwake na kwako.

Shingo yake imekuwa nyeusi, hata nikisugua haitoki. Ni uchafu?

Si uchafu. Nimeona shingo zilizochubuliwa kwa jiwe la kusugulia miguu, mtoto analia bafuni kila jioni. Ngozi nyeusi, nene, laini kama kitambaa cha velveti, nyuma ya shingo au kwapani, kwa mtoto mnene mara nyingi inaonyesha kwamba mwili umeanza kushindwa kutumia sukari vizuri. Acha kusugua. Mlete apimwe sukari ya damu.

Mdogo wake ni mwembamba. Nimnunulie vidonge vya kunenepesha?

Nakuomba usifanye hivyo. Katika vidonge hivyo mara nyingi kuna deksametazoni, dawa ya kutuliza uvimbe, au siproheptadini, dawa ya mzio. Deksametazoni inavimbisha uso, inapandisha sukari, inadhoofisha kinga na kuzuia mtoto kurefuka. Na kama ameshaitumia kwa majuma, usiikate ghafla peke yako, maana mwili unaweza kuanguka. Njoo na paketi tuone. Wembamba nao unapimwa, hautibiwi kwa maneno ya majirani.

Sisi tuna shida ya chakula. Unene si ugonjwa wa matajiri?

Njaa na unene vinaweza kukaa nyumba moja, hata ndani ya mwili mmoja. Tusiende mbali: watafiti waliwatafuta watu wazima ambao utotoni walitibiwa utapiamlo mkali katika hospitali ya Lwiro, hapa Kivu ya Kusini, wakawalinganisha na wenzao wa vijiji hivyohivyo. Waliopitia utapiamlo walikuwa na kiuno kipana zaidi na sukari ya damu iliyopanda kidogo. Mwili ulionyimwa mapema unalipa baadaye. Marekani nako, takwimu za 2017 hadi 2020 zilionyesha unene kwa asilimia 26 ya watoto wenye asili ya Amerika ya Kilatini, asilimia 25 ya watoto weusi, na asilimia 17 ya watoto weupe. Si uvivu wa watoto hao. Mtaa, bei ya chakula na kipato cha wazazi vinaingia mpaka kwenye sahani.

Basi nimpikie chakula chake peke yake?

Hapana, na hapa ndipo familia nyingi zinakosea. Mtoto anawekewa maji na lengalenga (mchicha), huku kaka zake wanafungua sukre, yaani soda, mbele yake. Atashika siku tatu, kisha ataiba.

Mtafiti Leonard Epstein na wenzake, Marekani, waliwafuatilia watoto wanene kwa miaka kumi na kutoa matokeo mwaka 1990. Waliotibiwa pamoja na mzazi walibaki na uzito uliopungua. Waliotibiwa peke yao, bila mzazi, uzito wa ziada uliongezeka. Mwaka 2023 walitoa utafiti mwingine: watoto 452 wa miaka 6 hadi 12, kila mmoja na mzazi wake, kwa miaka miwili. Mtoto alipata nafuu, mzazi naye, hata ndugu wa nyumbani ambao hakuna aliyewatibu. Chungu kikibadilika, wote wanakula humo.

Tuanze na nini?

Sukre. Chupa ya sentilita 33 inabeba karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko vidogo vinane hivi. Hakuna mama anayetia vijiko vinane ndani ya kikombe cha chai. Jusi ya paketi si matunda. Maji yaliyochemshwa yawe kinywaji cha nyumba nzima, baba naye ndani.

Fufu ibaki, ila mlima wake upungue, na maharagwe, samaki wadogo wa sambaza na sombe (majani ya muhogo) viongezeke, mawese kwa kipimo. Mtoto akisema ameshiba, ameshiba; msimlazimishe kumaliza sahani. Simu isiwe mezani. Kwenda shule, kama njia ni salama, atembee badala ya kupanda moto, yaani pikipiki. Bukavu ni milima, nayo inatosha kuwa mazoezi. Anahitaji dakika 60 za kuchezesha mwili kila siku. Msimnyime chakula na msimwite "Mnene", hata kwa mapenzi.

Nije lini?

Wiki hii, hata kama hana homa. Na siku hiyohiyo kama anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, anakoroma na pumzi inakatika usingizini, au anachechemea kwa maumivu ya nyonga au goti. Leta kadi yake. Akiweza, baba yake aje naye, na bibi pia, yule anayempa biskuti wakati ninyi mmetoka.