Rangi ya TV ikipotea, dishi liache lilipo

Wiki iliyopita niliitwa kwa bibi mmoja wa Sahare. Nilipoingia uani nikakuta ngazi bado imeegemezwa ukutani na waya wa dishi umelala juu ya bati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ingia ujionee. Tangu Ijumaa TV haina rangi, wajukuu wanaangalia mpira hawajui yupi Coastal yupi mgeni."

Fundi wa kwanza alikuwa amepanda juu, akazungusha dishi mpaka adhuhuri, akalipwa shilingi 30,000 akaondoka. Rangi haikurudi, na chaneli zilizokuwa safi zikaanza kukatakata. Nilipovuta kabati mbele nikaona pini ya njano imechomekwa kwenye tundu la kijani. Siku ya usafi waya zilichomolewa, zikarudishwa kwa kubahatisha, halafu mjukuu akabonyeza rimoti kubadili njia mpaka picha ikatokea. Ikatokea bila rangi. Kurudisha pini mahali pake ilikuwa kazi ya dakika moja. Kulitafutia dishi uelekeo wake tulimaliza karibu na magharibi.

Mimi nafundisha elektroniki katika chuo cha ufundi hapa Tanga, na jambo hili linaniuma, maana wanaolipa gharama hii mara nyingi ni wazee wasio na wa kumuuliza. Naomba tuelewane kuhusu dishi kwanza.

Mawimbi yanayoshuka kutoka kwenye setilaiti yamebeba namba tupu. King'amuzi ndicho kinachozifumbua na kuunda picha, na humo mwanga na rangi vimefungwa pamoja. Mawimbi yakiwa hafifu, kama mvua za masika zinapokolea, picha huvunjika miraba miraba, huganda, sauti hukwama, mwisho unaambiwa hakuna mawimbi. Kwenye ile miraba waweza kuona viraka vya kijani au waridi, lakini huja pamoja na kuganda na huondoka pamoja nako. Dishi lililoyumba haliwezi kukuletea picha tulivu, yenye sauti safi, iliyokosa rangi tu. Mafundi wakongwe wana sababu ya kudhani kuwa dishi ndilo lenye kosa: enzi za analojia, antena ikishika mawimbi dhaifu rangi ndiyo iliyotangulia kupotea. Lakini mitambo ile ilianza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, mikoa mingine ikafuata.

Kwa hiyo kaa chini, shika rimoti mbili. Fungua menyu ya TV yenyewe, kisha menyu ya king'amuzi. Menyu ya TV ikiwa na rangi zake na ya king'amuzi haina, tatizo liko kwenye waya, matundu au mipangilio inayoviunganisha vifaa hivyo viwili. Zote mbili zikiwa zimepauka au zimegeuka rangi, tazama TV. Menyu zote nzuri ila chaneli moja tu haina rangi? Badili chaneli, huenda wanaonyesha filamu ya zamani. Na kabla ya yote angalia palipoandikwa Colour kwenye mipangilio ya picha ya TV. Nyumba zenye watoto nimeikuta imeshushwa hadi sifuri mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Tuje kwenye waya. Waya wa pini tatu unaotoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye TV una kazi tatu: njano hubeba picha, nyeupe na nyekundu hubeba sauti. Nyuma ya TV nyingi pana matundu mengine matatu ya picha: kijani, buluu na nyekundu. La kijani hupokea mwanga peke yake, ndiyo maana pini ya njano ikiingia humo unapata picha isiyo na rangi, na ukisogea karibu na kioo utaona vitone vidogo vikitambaa kandokando ya maumbo. TV nyingine zimeunganisha tundu la njano na la kijani kuwa moja; hapo pini iko sahihi, ila kwenye rimoti ya TV unatakiwa uchague AV. Wanaotumia matundu yale matatu wakumbuke kuwa waya mwekundu wa picha ukilegea nyuso za watu huwa za kijani-manjano, na wa buluu ukilegea nyuso huiva waridi.

Hapa kwetu kuna adui mwingine, chumvi ya bahari. Nyumba za Raskazone, Sahare na Mwambani zinapata upepo wake mwaka mzima. Ichomoe pini ya njano uiangalie juani. Ikiwa na ukoko wa kijani kwenye ule ukingo wa nje, au ncha ya katikati imekuwa nyeusi, umeme wa picha unapita kwa taabu. Katika PAL, mfumo wetu wa kupitishia rangi za TV, rangi husafiri kwenye masafa ya juu, takriban megahezi 4.43, na TV ikiona sehemu hiyo imefifia mno huizima rangi yenyewe. Zima vifaa vyote ukutani, futa pini kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha ikauke, kisha uichomeke huku ukiizungusha. Usikwangue kwa kisu. Ukoko ukishaingia ndani ya waya, nunua mwingine.

Hiyo PAL nayo ina visa vyake. Ilibuniwa Ujerumani na mhandisi Walter Bruch, na ndiyo tuliyoizoea. Marekani walitumia mfumo mwingine, NTSC, ambao rangi yake iko megahezi 3.58. King'amuzi kikibonyezwa kikahamia NTSC, TV isiyoifahamu itaonyesha picha bila rangi, pengine ikipanda na kushuka. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya king'amuzi, rudisha PAL.

Wanaotumia kebo ya HDMI, ile moja inayobeba picha na sauti pamoja, wanakutana na jambo jingine: kioo kizima kinakuwa waridi au kijani. Mara nyingi TV na king'amuzi vimeshindwa kuelewana namna ya kupeana rangi. Zima vyote ukutani kwa dakika chache, chomoa kebo, irudishe, washa TV kwanza. Ikigoma, jaribu tundu la pili, kisha kebo ya jirani kabla hujanunua yako.

Kwenye TV bapa, picha inayogeuka buluu polepole kwa miezi, menyu zote zikiwemo, ni taa za nyuma ya kioo zimechoka. Hilo ni la fundi. TV ya chogo yenye doa la zambarau au kijani pembeni imeguswa na sumaku: ondoa spika iliyo karibu, izime nusu saa, iwashe. Rudia mara kadhaa. Doa lisipofutika mwite fundi, wala usifungue mfuniko wa nyuma, kwa sababu ndani ya chogo kuna zaidi ya volti 20,000 zinazoweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya wa umeme. Fundi akifika mwoneshe menyu zote mbili kabla hajaomba ngazi.