Uvimbe kwenye pafu la mtoto tumboni: kutoonekana si kupona

Kwenye chumba cha ultrasaundi tunapokea lalamiko moja mara kwa mara: "Mlisema mwanangu ana uvimbe kwenye pafu, leo mnasema hauonekani. Mlinitisha bure."

Hatukumtisha mtu. Kipande cha pafu kilijijenga vibaya mtoto alipokuwa akiumbika. Wengine wana vifuko vya maji. Wengine kipande hakiungani na njia ya hewa na hupata damu kutoka aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Si kansa, si kijicho cha jirani, wala hakisababishwi na kubeba ndoo. Karibu wiki ya 20 kifua huonyesha doa jeupe, pengine na moyo uliosukumwa pembeni. Kwa kawaida uvimbe hukua hadi wiki ya 28 hivi, kisha husimama au kunywea, na pafu lisilo na kasoro hung'aa kama uvimbe wenyewe. Mara nyingi bado upo, ila jicho haliutofautishi.

Tunapima urefu, upana na kina cha uvimbe, tunavizidisha pamoja, kisha mara 0.52, tunagawa kwa mzingo wa kichwa cha mtoto. Jibu likizidi 1.6, hatari ya mtoto kujaa maji mwilini hupanda. Picha hurudiwa mara kwa mara, na mama anaweza kuchomwa sindano za betamethasoni, dawa ya steroidi. Kifuko kikubwa cha maji huweza kupunguzwa na mabingwa. Wengi hawafiki huko, na huzaliwa wakipumua vizuri.

Sasa rufaa. Njoo na barua yenye muhuri, kadi ya kliniki, na picha zenye tarehe. Ukijipeleka bila barua utaanza upya, na bima inaweza isilipe. Mama mmoja wa Tandahimba alitoa karatasi nyeupe tupu: picha ilikuwa imebandikwa dirishani, jua likaifuta. Itunzeni ndani ya kadi.

Halafu kuna wanaosubiri korosho ziuzwe, wakafika wiki ya 34 kuuliza jinsia. Tutawaambia jinsia; uvimbe huenda hauonekani tena.

Akizaliwa, eksirei safi haitoshi. Siti skani katika miezi ya mwanzo ndiyo inayoonyesha kilichobaki. Anayehema kwa shida hupasuliwa bila kusubiri. Kwa asiye na dalili, madaktari bado hawajakubaliana kama apasuliwe mapema au afuatiliwe. Nimonia ikirudi upande uleule, mwambie daktari alichoonekana nacho tumboni. Andika kwa wino kwenye kadi ya mtoto: upande gani, wiki ya ngapi.