Kwa nini feni ya kompyuta ya pini tatu inapiga kelele ukiichomeka kwenye pini nne za mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta)?

Jibu la haraka: inaingia, inazunguka, haiunguzi kitu, ila mazabodi inaongea nayo kwa lugha ambayo feni haina sikio la kuisikia, kwa hiyo inakwenda fulu muda wote. Dawa mara nyingi ni kubadilisha neno moja tu kwenye bayosi, yaani ile mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa wakati inawaka.

Mimi hili nililikosea na nikalilipia. Nilikuwa naamini pini ya nne ni ya umeme wa ziada, yaani feni ya pini nne ina nguvu kuliko ya pini tatu, mantiki yangu ilikuwa ile ile ya plagi za ukutani, ya pini tatu ni ya pasi na friji, ya pini mbili ni ya kuchajia simu. Nikafunga feni ya pini tatu kwenye kesi, kuwasha tu, kelele kama mashine ya kusaga mahindi. Nikasema hii mbovu. Nikaenda kununua nyingine, pini tatu tena, kelele zile zile. Hapo nikatoka kwenye kosa la kwanza nikaingia la pili: basi feni za pini tatu hazipungui spidi kabisa, zimeumbwa hivyo. Nayo si kweli, zimepunguzwa spidi miaka na miaka kabla hii pini ya nne haijazoeleka. Fundi mmoja hata alinishauri niikate ile pini ya nne kwenye mazabodi ili "zilingane", bahati nzuri siku hiyo hakuna aliyekuwa na koleo.

Waya zenyewe ziko hivi. Wa kwanza ni hasi, wa pili ni volti 12, wa tatu unarudisha taarifa: feni inatuma mapigo mawili kila ikimaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo feni ya mizunguko 1200 kwa dakika inatuma mapigo 40 kwa sekunde na mazabodi inahesabu. Wa nne, kama upo, ni wa amri. Haubebi umeme wa kuzungusha mota hata kidogo.

Na hapa ndipo patamu. Fikiria daladala. Mafuta yako kwenye tangi, dereva ndiye anayekanyaga, konda yeye anagonga bati tu. Bati haliendeshi gari, ila dereva anasikiliza mlio wake aende au apunguze. Waya wa nne ndiyo huyo konda. Volti 12 zinabaki 12 muda wote, halafu kwenye waya wa nne mazabodi inagonga mara kama 25,000 kwa sekunde, na kakipande ka elektroniki ndani ya feni ndiko dereva, kanaangalia kwenye kila pigo ishara imekaa juu muda gani na chini muda gani. Kila pigo lina maikrosekunde 40 (maikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), zikikaa juu 12 tu maana yake asilimia 30, feni inatembea taratibu, zikikaa juu zote 40 feni inakwenda fulu. Hiyo namba 25,000 haikuokotwa, ni ya kwenye maelezo ya Intel ya mwaka 2005, na iko juu ya kile sikio la mtu linachoweza kusikia (mwisho wetu ni kama 20,000 hivi), ingekuwa chini ya hapo ungeweza kusikia amri zenyewe zinapiga mluzi.

Sasa konda akisinzia je? Dereva anakanyaga mafuta. Ndani ya feni ule waya umevutwa juu tayari, kazi ya mazabodi ni kuushusha chini, kwa hiyo waya ukikatika feni inaenda spidi ya mwisho. Mimi naona ni ujanja mzuri sana, bora kelele kuliko prosesa iungue kimya kimya.

Feni ya pini tatu haina konda. Kuipunguza inabidi ubane mafuta yenyewe, yaani ushushe volti kutoka 12 kwenda 9, au 7. Ni kama utambi wa jiko la mchina, ukishusha moto unapungua, ukishusha sana linazimika, na kuliwasha upya inabidi upandishe kwanza. Nyingi zinahitaji volti kama 5 hadi 7 kuanza kuzunguka, ila kila feni na tabia yake, jaribu ya kwako.

Kwa hiyo ingia bayosi, tafuta mpangilio wa feni, utakuta PWM (njia ya konda), DC (njia ya kushusha volti) na pengine Auto (mazabodi inachagua yenyewe). Feni ya pini tatu weka DC. Yangu ilikuwa PWM. Nikabadilisha, kelele ikafa palepale, nikakaa naangalia ile feni ya pili nikaona aibu. Kuna mazabodi ambazo baadhi ya sehemu zake zina pini nne lakini zinajua njia moja tu, hapo soma kitabu chake. Na ukitumia waya wa kugawa, ule wa kuchomeka feni mbili sehemu moja, usichanganye ya pini tatu na ya pini nne kwenye PWM, ya pini nne itatii, ya pini tatu itaendelea kupiga kelele.

Feni ya pini nne kwenye pini tatu nayo inakubali, waya wa amri unabaki hewani, na kwa kawaida inafuata volti.

Ile feni ya ziada sasa inapuliza jiko la mkaa kwa betri ya volti 12, waya mbili tu, mwekundu na mweusi. Ukitaka kuiga kwa feni ya pini nne angalia rangi: kwenye pini tatu waya wa njano kwa kawaida ndiyo ule wa kuhesabu mizunguko, kwenye pini nne njano hiyo hiyo ndiyo volti 12. Sijui nani aliona hilo ni wazo zuri, na siku hizi wengi wanazipaka zote nyeusi, basi unabaki kuhesabu kuanzia pembeni.