Kinyama ndani ya utumbo si hukumu ya kansa
Katika makundi ya WhatsApp hapa Bukavu hurudi mara kwa mara ujumbe usemao kwamba daktari akiona kinyama kilichoota ndani ya utumbo mpana, mgonjwa tayari ana kansa, na kukikata kunaisambaza. Si kweli. Vinyama hivyo, viitwavyo polipu, vingi si kansa. Baadhi, hasa vya aina iitwayo adenoma, vinaweza kugeuka kansa polepole, kwa miaka mingi, na ndiyo maana kuviondoa mapema ni kinga. Wakati wa kolonoskopi, yaani kipimo cha kuingiza mrija wenye kamera kwenye utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa, daktari hutazama kwenye skrini rangi ya kinyama, mishipa yake midogo ya damu na sura ya uso wake, pengine akibadilisha mwanga uwe wa buluu na kijani, ili akadirie papo hapo ni cha aina gani. Hata hivyo, kwa kawaida kinyama kilichokatwa huchunguzwa maabara kwa hadubini, na anayetaka hakika aombe karatasi ya majibu hayo. Mkanganyiko, nadhani, hutokana na wanaochelewa kupimwa: kansa iliyokuwepo hugunduliwa siku hiyo, kisha ndugu hulaumu kipimo. Tafadhali, tusiusambaze tena ujumbe huo, kwa kuwa unaweza kumzuia mzazi wa mtu kwenda hospitali.