Unaoga mara tatu kwa siku, mbona kikwapa hakiishi?

Wengi wanaokuja kliniki kwangu kwa ajili ya kikwapa si wachafu hata kidogo. Wanaoga asubuhi, mchana na jioni, wananunua manukato mapya kila mshahara ukitoka, na bado wakipanda daladala wanaogopa kunyoosha mkono kushika bomba.

Jasho likitoka tu halina harufu. Tuna tezi za jasho za aina mbili. Zilizoenea mwili mzima hutoa maji na chumvi za kutupoza, na hizo hazina kesi. Nyingine zimejikusanya kwapani, kwenye kinena na kuzunguka chuchu. Huamka mtu anapobalehe, na jasho lake ni zito, lina mafuta na protini. Bakteria wa kwenye ngozi, hasa Corynebacterium na Staphylococcus hominis, hulivunjavunja jasho hilo, na mabaki yake ndiyo yanayonuka. (Wakorea wengi wamesalimika: jeni yao ya ABCC11 ni ya aina inayowanyima bakteria chakula hicho. Hata nta ya masikio yao ni kavu.)

Kwa hiyo ukijipulizia manukato juu ya kwapa ambalo limeshaanza kunuka, umeongeza harufu ya pili tu. Deodoranti hupunguza bakteria, antipaspiranti hupunguza jasho lenyewe kwa chumvi za aluminiamu zinazoziba vijitundu vyake. Hii ya pili ipake usiku, kwapa likiwa kavu kabisa, kwa sababu ukilala jasho ni kidogo na dawa inapata nafasi ya kushika. Asubuhi oga kama kawaida. Ukiipaka mbichi mbichi umetoka bafuni, itakuwasha na nyingine itaishia kwenye shati.

Shabu, lile jiwe jeupe la bibi zetu wa Pwani, siidharau. Nayo ni chumvi ya aluminiamu. Limao ndilo ninalolikataa, hasa baada ya kunyoa: kwapa linababuka, halafu linabaki jeusi. Ikishindikana, sabuni ya chunusi yenye benzoili peroksaidi husaidia. Iache dakika moja au mbili, suuza vizuri, na ujifute kwa taulo jeupe maana inababua rangi za nguo.

Sasa shati. Limefuliwa, limekauka, linanukia sabuni. Lipige pasi uone: joto likigusa sehemu ya kwapa, harufu inafumka upya. Mabaki yamenasa kwenye nyuzi, na poliesta huyang'ang'ania kuliko pamba. Ligeuze ndani nje, loweka sehemu ya kwapa kwenye maji na siki nusu saa kabla ya kufua, kisha anika juani. Siki usiichanganye na jiki hata tone, hutoa gesi ya sumu.

Vitunguu saumu, uzile na pombe huchangia, ila mara nyingi vinasingiziwa. Miguu inataka soksi safi kila siku na jozi mbili za viatu za kupokezana, basi.

Harufu iliyobadilika ghafla ni habari nyingine. Pumzi yenye harufu ya matunda kwa mwenye kisukari ni dharura. Harufu ya samaki isiyoisha inaweza kuwa ya kurithi, na sabuni haitaiondoa. Na mtoto wa kike chini ya miaka 8, au wa kiume chini ya 9, akianza kutoa kikwapa cha mtu mzima, usimnunulie deodoranti kwanza. Mlete apimwe homoni.